Binti Sultani na Baridi ya Hamburg: Julai Ikikulemea, Msome Salme

Kama unaishi Malili kama mimi, Julai unaijua vizuri. Unaamka saa moja, unafungua mlango, unakuta mbingu imeshuka hadi kwenye mabati. Upepo unakuja kutoka nyika ya Konza bila kizuizi. Yale majengo ya Konza Technopolis ng'ambo ya barabara yanaonekana kama mtu ameyafuta nusu kwa raba. Malori yanapita kwenda Mombasa yakiwa yamewasha taa, na wewe umesimama mlangoni na koti. Huna hamu ya kuoga, huna hamu ya chai, huna hamu ya kupokea simu ya mtu yeyote.

Siku moja ya hivyo ni baridi tu, itapita. Lakini kuna wale ambao siku inageuka wiki, na wiki inageuka mwezi. Usingizi unazidi au unakataa kabisa. Chakula hakina ladha. Marafiki wanadhani unaringa, nyumbani wanadhani ni uvivu, na wewe mwenyewe unaanza kuamini kwamba huna maana.

Mimi yalinipata mwaka ule nilioacha chuo. Karo ilikwama, nikarudi huku nikakodi keja ya bei nafuu na kuanza vibarua vya kuandika mtandaoni. Julai ilipoingia nikazima kabisa. Usiku mmoja, nikiwa chini ya blanketi mbili na data zikikaribia kuisha, nikakutana na maisha ya mwanamke aliyefariki karne iliyopita. Nilisoma mpaka simu ikafa. Leo nataka nikusimulie habari zake, kwa sababu alilibeba jambo hili kwa miaka mingi kuliko wengi wetu, na kwa sababu kuna kitu kimoja ambacho yeye hakuwa nacho na wewe unacho.

Jina lake Salme. Huenda umelisikia kama Emily Ruete. Ni mtu mmoja.

Mtoto wa jua

Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyeifanya karafuu kuwa utajiri wa visiwa. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi, aliyetekwa akiwa mtoto mdogo kabla ya kufikishwa kwenye nyumba ya Sultani.

Jaribu kuipiga picha Mtoni ya wakati ule. Jumba liko ufukweni, kijito kinapita, na uani kuna tausi, mbuni na swala wanaotembea watakavyo. Kwa hesabu ya Salme mwenyewe, watu kama 1,000 waliishi pale: masuria, watoto, watumishi, watumwa. Milango wazi, sauti kila kona, lugha nne tano kwa wakati mmoja. Huko Zanzibar mchana una karibu saa 12 mwaka mzima. Mtoto yule hakuwahi kujua siku isiyo na jua wala nyumba isiyo na watu. Shika mambo hayo mawili, tutayarudia.

Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifunza kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili herufi za msahafu mpaka mkono ukakubali. Siri ilipofichuka alisemwa sana, lakini haikumjalisha. Kumbuka pia mkono huo ulioandika, maana ndio uliokuja kumshika asianguke.

Mwaka 1856 baba yake alifariki baharini akirudi kutoka Oman. Mwaka 1859 mama yake akachukuliwa na kipindupindu. Salme alikuwa na umri wa miaka 15 tu, yatima mwenye mali na asiye na mtu wa kumshika mkono. Mwaka huohuo ndugu zake wakagombana. Barghash alitaka kumpindua kaka yao Majid aliyekuwa Sultani. Salme alimpenda Majid, kwani alishawahi kuishi naye nyumba moja, lakini dada yake Khole alimvuta upande wa Barghash. Kwa kuwa alijua kuandika, akafanywa karani wa waasi. Waingereza wakaingilia kati, uasi ukavunjika, Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu Salme, lakini ukoo ulishapasuka. Msichana akabaki katikati, huku haaminiwi, kule anaulizwa maswali. Akajitenga shambani.

Unaona mahali ambapo giza linaanzia? Baridi ilikuwa bado mbali. Kilichotangulia ni misiba miwili kwa miaka mitatu, ugomvi wa familia, na upweke. Hali ya hewa ikija, mara nyingi inakuta mlango uko wazi.

Safari ya kwenda Hamburg

Aliporudi mjini, jirani yake alikuwa mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Paa zao zilitazamana. Yakawa mapenzi, na Salme akapata mimba. Kwa binti wa Sultani, Mwislamu, kuzaa na Mkristo bila ndoa kulikuwa hatari ya maisha. Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akashushwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa jina Emily na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Heinrich, kisha wakaanza safari ya Ujerumani. Yule mtoto hakufika. Alifariki njiani akiwa mchanga.

Yaani huyu mama wa miaka 22 aliingia nchi mpya akiwa amepoteza wazazi, ndugu, dini aliyolelewa nayo, jina lake, na mtoto wake wa kwanza. Kijerumani hajui. Mtu pekee anayeelewana naye ni mume wake, ambaye asubuhi anakwenda kazini na kumwacha nyumbani hadi jioni.

Halafu majira ya baridi yakaja.

Sisi tunalalamika Julai, na tuna haki, lakini tazama hesabu. Hapa Malili, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki hata nusu saa kutoka Januari hadi Disemba. Kinachotubana ni wingu na baridi ya nyanda za juu. Hamburg mwezi wa Disemba jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Mchana wenyewe ni saa saba na nusu, na mara nyingi ni wa kijivu. Watu wanafunga madirisha na milango miezi kadhaa. Kwa mtu aliyekulia Mtoni, mahali palipokuwa wazi kwa bahari na watu 1,000, ile ilikuwa jela ya heshima. Katika maandishi yake anarudi mara kwa mara kwenye mambo hayo: kijivu, ubaridi, vyumba vilivyofungwa, na watu wanaomkodolea macho barabarani kama maonyesho.

Leo madaktari wanalijua jambo hili. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza aina ya sonona, yaani huzuni nzito ambayo ni ugonjwa, inayorudi kila mwaka majira ya giza na kupungua jua linaporudi. Mwanga unasaidia kupanga saa ya mwili: usingizi, njaa, moyo wa kufanya mambo. Ukipungua sana, baadhi ya watu wanazima. Siwezi kumpima Salme kutoka keja yangu, mimi si daktari. Nasema tu kwamba wakati wake hakukuwa na jina la kumpa, na mtu asiye na jina la kinachomsumbua hujilaumu mwenyewe.

Hata hivyo walijenga nyumba. Walipata watoto watatu mfululizo: Antonie mwaka 1868, Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Salme akajifunza Kijerumani, akajifunza kuendesha nyumba ya kizungu. Taratibu alianza kusimama.

Agosti 1870 Heinrich alipata ajali ya tramu jijini Hamburg, akafariki siku chache baadaye. Mtoto wa mwisho alikuwa na miezi tu.

Aliwezaje kuishi?

Hapa ndipo simu yangu ilipofikia asilimia nne usiku ule, na sikuthubutu kuiweka chini.

Salme hakuwa na umri wa hata miaka 26. Sheria ya wakati ule haikumwachia mjane mamlaka kamili juu ya mali ya watoto wake. Wakawekwa walezi wa kiume, na fedha zikayeyuka. Urithi wake Zanzibar ulizuiwa kwa sababu aliacha dini na kuolewa na mgeni. Njia ya kurudi nyumbani ilifungwa, na mbele yake kulikuwa na majira ya baridi mengine, safari hii bila yule mtu mmoja aliyejua lugha yake.

Alifanya mambo matatu. Si dawa, lakini yalimweka hai.

La kwanza, alihama palipombana. Kutoka Hamburg alikwenda Dresden, kisha Rudolstadt, Berlin, na Köln, akitafuta maisha yanayolingana na mfuko wake na watu watakaompokea. Ukisema alikuwa anatangatanga, sawa. Lakini mtu aliyekata tamaa kabisa hafungi mizigo.

La pili, aliifanya ile hasara yake kuwa kazi. Kiarabu, ambacho hakikuwa na mtu wa kusema naye, akaanza kukifundisha kwa malipo. Mara kwa wiki kulikuwa na mtu anayemngoja saa fulani, mahali fulani. Kama umewahi kuzimika, unajua thamani ya kitu kidogo kinachokulazimisha kuvaa viatu.

La tatu, ule mkono uliojifunza kwenye mfupa wa ngamia ukarudi kalamuni. Alianza kuandika maisha yake kwa ajili ya watoto, wajue walikotoka, akihofia hataishi muda mrefu. Mwaka 1886 maandishi hayo yakatoka Berlin kama kitabu cha kumbukumbu zake. Ni miongoni mwa maisha ya kwanza kuandikwa na kuchapishwa na mwanamke Mwarabu, na mpaka leo ukitaka kujua jumba la Mtoni lilikuwaje, unaanzia hapo.

Sitaki nikuuzie malaika. Kitabu hichohicho kinautetea utumwa, na mashamba aliyorithi yaliendeshwa na watumwa. Mtu anaweza kuumia sana na bado asione maumivu ya mwingine aliye chini yake. Tuseme ukweli wote.

Nyumbani hakukufunguka. Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alitembelea London. Salme akaenda huko akitumaini kumwona, wakubwa wa Kiingereza wakahakikisha hawakutani. Mwaka 1885 alifika Zanzibar yenyewe, lakini kwa meli za Ujerumani. Serikali ya Bismarck ilimtumia kama kisingizio cha kumbana Sultani. Watu wa kawaida mjini walimshangilia, kaka yake akakataa kumpokea. Barghash alifariki Machi 1888, naye akajaribu tena mwaka huohuo. Akatoka mikono mitupu.

Safari hii hakurudi kuishi Ujerumani. Alikwenda Jaffa, halafu Beirut, akakaa pande hizo hadi 1914. Alipokosa nyumba yake, alichagua angalau jua lake: bahari, adhana, na lugha ya utotoni barabarani. Nampenda zaidi kwa hilo. Hakungoja familia imsamehe ndipo ajitafutie mahali pa joto.

Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79, kwa ugonjwa wa mapafu. Katika vitu vyake walikuta mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Zanzibar, aliokaa nao miaka yote. Akazikwa nao Hamburg, kwenye makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mumewe. Ukienda Mji Mkongwe leo, utakuta kumbukumbu zake zimetengewa nafasi. Alirudi nyumbani kwa njia hiyo.

Barua

Sasa nifike pale nilipokuwa naelekea tangu mwanzo.

Kitabu cha 1886 kinasimulia zaidi Zanzibar. Miaka ya Ujerumani, ile ya giza, aliiandika kando, kwa umbo la barua kwa rafiki wa kike wa nyumbani ambaye hamtaji jina. Humo ndimo alimomwaga yote: baridi, kifo cha Heinrich, fedha, majonzi, kuwa kati ya dini mbili na nchi mbili. Barua hizo hazikuchapishwa akiwa hai. Zilikutwa kwenye vitu vyake baada ya kifo, na dunia ikaja kuzisoma miongo mingi baadaye.

Fikiria hilo. Alijua kabisa cha kusema. Alikuwa na maneno, na alikuwa na mtu wa kumwambia, hata kama ni wa kichwani. Lakini karatasi zikabaki kwake.

Usiku ule nilikumbuka kwamba na mimi nina barua. Ilikuwa ujumbe kwa dada yangu, niliouandika na kuufuta labda mara ishirini, ukisema siko sawa na naogopa. Niliutuma kabla simu haijazima, nikalala nikijuta. Kesho yake saa nne nikasikia bodaboda nje. Alikuja na muthokoi kwenye kontena, hakuuliza maswali mengi, akafungua dirisha, akanilazimisha tutembee hadi barabarani na kurudi. Wiki iliyofuata alinisindikiza kliniki. Nilikwenda mara kadhaa. Sijapona kama mtu anavyopona malaria, lakini najua Julai ikija nijipange vipi: natoka nje asubuhi hata kama ni wingu, maana mwanga wa nje unapita wa chumbani kwa mbali sana, nalala na kuamka saa zilezile, nina kazi moja ya kunitoa nyumbani, na nina watu wawili wanaojua.

Na usidhani mambo haya ni ya Nairobi tu. Hapa Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake waliendesha mradi wa kuwafunza wauguzi, wahudumu wa afya wa kijamii, na hata waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua sonona na kuwaelekeza watu kliniki. Yaani yule mama wa afya anayepita kijijini kwenu huenda anakijua kitu hiki kuliko unavyofikiri. Anzia kwake, au zahanati iliyo karibu, au hospitali ya rufaa pale Wote, au Machakos. Kama huwezi kuzungumza na unayemjua, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Na kama mawazo yamefika pahali pa kutaka kujidhuru, usingoje kesho wala usibaki peke yako. Mwambie aliye karibu sasa hivi.

Salme alivumilia miaka 79 kwa kalamu, kazi ndogo na mfuko wa mchanga. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Lakini usimwige kwenye zile barua. Ule ujumbe uliouandika ukaufuta, unajua ni wa nani. Uandike tena, mara hii usiufute. Tuma.